Marehemu wa Nyumba Namba Kumi na Saba

Mara ya kwanza Pelagia kumuua Sabiri, ilikuwa kwa ajili ya mifuniko ishirini ya bati.

Alishuka na treni kutoka Tura, dumu la asali kila mkono na kapu begani, akaulizia fundi bati. Akaelekezwa mtaa wa Gongoni, kwenye nyumba ya kona yenye baraza ya saruji iliyolika kwa kukaliwa na watu wa miaka mingi. Barazani alimkuta mzee mwembamba, kofia ya kiua kichwani, anagonga bomba la moshi la mrina asali. Akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaeleza shida yake. Mzee akataja bei. Pelagia akauchukua mfuniko mmoja, akaugeuzageuza kama mtu anayetafuta dumuzi kwenye mahindi, akataja nusu yake. Mzee hakukasirika. Aliuliza tu mgeni katoka wapi.

"Tura."

"Mnyamwezi wa Tura. Mbona hukusema mapema?" Mzee aliweka nyundo chini. "Babu yangu alikuja huku na msafara kutoka Uzaramo, ana wapagazi arobaini. Mmoja wao babu yako. Mzigo aliuangusha mtoni akakimbilia porini. Ukoo mzima tunamtafuta mpaka leo."

Waliokuwa barazani wakanyamaza kusubiri jibu. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu njia ya misafara ilipokuwa njia kweli, watu wakitembea miezi mitatu na mizigo kichwani. Aliyekufa njiani alizikwa na mtani, na mtani huyo alikuwa na haki ya kuchukua kitu cha marehemu bila kuulizwa. Pelagia aliichukua nyundo ya mzee, akaitia kapuni, akawageukia wale watu na uso mkavu kama gogo la mti.

"Jamani, mzee huyu kafa leo asubuhi. Nimemzika mwenyewe. Hakuacha mtoto, tumerithi watani."

Akaondoka. Sabiri alimfuata hadi stesheni, wakavutana mpaka kichwa cha treni kilipopiga honi, na nyundo ikarudi kwa mwenyewe mifuniko ilipofika bei ambayo kila mmoja aliamini imemkata mwenzake. Mfanyabiashara hatafuti zaidi ya hapo.

Pelagia hakuwa mtu wa kulialia. Alianza na mayai ya kuchemsha kwenye madirisha ya treni, akapanda hadi karanga, akapanda hadi asali, na kila ngazi aliipanda kwa mdomo wake. Mwaka uliofuata alihamia mjini akapanga chumba cha mbele cha nyumba ya Sabiri, chenye mlango wa kufungukia barabarani. Hawakuandikiana. Walipeana mikono mbele ya Xavery, fundi viatu wa jirani, yakaisha. Kila msimu wa asali Sabiri aliingia dukani, akabeba chupa moja bila kuomba, akisema ni fidia ya ule mzigo wa mtoni. Kila alipokohoa, Pelagia alimzika. Walikuwa na sheria moja tu: atakayecheka kwanza, au atakayeueleza utani kwa mgeni, kashindwa na atatoa kitu. Mtaa mzima uliijua sheria hiyo na kuilinda. Pelagia akimzika Sabiri, waliokuwepo waliinamisha vichwa na kusema, "Mungu amlaze pema," na nyuso zao hazikucheza.

Kuhusu mtu mwenyewe, hakuna makubwa ya kusimulia. Sabiri alizaliwa katika nyumba ile ile, akajifunza kufua bati kwa baba yake, akamwoa Shamila, na watoto wawili waliowapata wote wakafa wadogo. Shamila naye alitangulia. Barabara ile iliwahi kuwa na wafua bati tisa, na ukipita asubuhi hukusikia adhana kwa nyundo. Ndoo za plastiki zilipoingia walianza kupungua. Stendi ya mabasi ikasogezwa, maduka ya nguo yakafuata abiria, wapangaji wakafuata maduka. Nyumba nne upande wa pili zilibaki kuta na popo. Kufikia mwaka huu wa mambo yenyewe, nyundo ilikuwa moja, na Pelagia aliisikia kupitia ukutani tangu saa moja asubuhi: tatu za haraka, moja ya taratibu, tatu za haraka.

Kitu kimoja tu Sabiri alikiogopa waziwazi, nacho ni karatasi. Alipokuwa kijana, baba yake alikuwa na banda la kazi pembeni mwa barabara nyingine. Siku moja ikabandikwa karatasi mlangoni. Mzee hakujua kusoma. Akaibandua, akawashia mkaa wa kulehemu. Siku ya nne wakaja watu na nyundo zisizo za kufua bati. Sabiri alisimulia habari hiyo mara moja tu, akiwa amemwangalia Pelagia usoni, na hiyo ndiyo siku pekee ambayo mtani hakutia neno.

Kwa hiyo mradi ulipokuja, yeye ndiye aliyekaa nyuma kabisa mkutanoni.

Ulikuwa mradi wa kuufufua mji wa zamani, na safari hii, walisema, wananchi wenyewe ndio watakaouchora. Bi Mwanajuma, mwenyekiti wa mtaa, aliwakusanya watu uani kwa ofisi yake. Mama mmoja mtaalamu aitwaye Advera akaeleza kwa sauti ya upole: hapatavunjwa kitu ambacho wakazi hawakukubali. Vijana watapita nyumba kwa nyumba na vishikwambi, watauliza nyumba ya nani, inatumikaje, na watayaandika maneno ya mwananchi kama yalivyo, bila kupunguza wala kuongeza. Nyumba zisizo na mwenyewe zitageuzwa uwanja wa jamii, wenye mabenchi, taa na vibanda vipya vya biashara. Pelagia alipiga makofi. Alishaiona biashara. Akaomba kuingia kwenye kamati ya wafanyabiashara, akapata.

Vijana walipopita, Sabiri alikuwa Ziba. Alikwenda na gunia la mikebe ya maziwa na makarai ya kuwauzia wafugaji, safari ya siku tisa aliyoifanya kila mwaka. Aliyefika namba kumi na saba alikuwa Valentino, kijana mpole, suruali imepigwa pasi, mgeni wa mkoa. Mlangoni palikuwa na Pelagia, Xavery na Eustadia muuza vitumbua.

"Mwenye nyumba yupo?" aliuliza Valentino.

Sheria ni sheria. Pelagia alishusha pumzi. "Mwenye nyumba kafa, baba. Nimemzika mwenyewe. Hakuacha mtoto, tumerithi watani."

Xavery aliinamisha kichwa. "Mungu amlaze pema."

"Amina," akasema Eustadia, akafuta jicho na ncha ya kanga.

Valentino alitoa pole, na alionekana kuumia kweli. Akaandika. Akauliza nani anaitunza nyumba, Pelagia akasema ni yeye. Akaelekeza kishikwambi, akaomba wote watatu waweke sahihi kwa kidole. Pelagia alikuwa na mteja wa lita ishirini anamsubiri. Akachora jina lake, akarudi ndani. Jioni alifikiria kidogo kwamba angemwambia yule kijana. Lakini kueleza ni kushindwa, na Sabiri angerudi angedai chupa mbili. Akasema atamsubiri mzee mwenyewe amalizane naye, wacheke wote. Halafu asali ikaja nyingi msimu ule, akasahau.

Orodha ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa siku ya Jumatatu. Pelagia alikwenda kuangalia vibanda vimepangwa wapi. Akateremka na kidole: kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita.

*Namba 17. Mmiliki: amefariki. Mrithi: hakuna. Maelezo ya majirani: amezikwa na wakazi, hakuacha mtoto. Mwangalizi wa sasa: Pelagia. Matumizi yanayopendekezwa: uwanja wa jamii. Pingamizi ndani ya siku kumi na nne.*

Alisoma mara tatu. Kidole kilifika juu ya jina lake mwenyewe, akakiondoa haraka kama aliyegusa pasi. Chini ya karatasi palikuwa na mstari wa herufi ndogo: kutoa taarifa ya uongo ni kosa kisheria. Na ukurasa wa pili, kwenye mgao wa vibanda vya uwanja huo, waangalizi wa nyumba zitakazovunjwa ndio waliowekwa mbele. Kibanda namba moja, kona, kinachotazama barabara. Cha kwake.

Katika maisha yake yote ya biashara hakuwahi kupata kitu kizuri bila kukivutia kamba, na hiki kimekuja chenyewe, juu ya kaburi.

Xavery alikuwa amesimama nyuma yake. Alisoma na yeye, akaangalia huku na huku, akamwinamia sikioni.

"Umecheza vizuri, dada," alisema. "Mimi sisemi kitu."

Hakuwa anatania. Hapo ndipo baridi ilipomwingia Pelagia. Mtu aliyekuwepo, aliyesema Mungu amlaze pema kwa mdomo wake, sasa anaamini ulikuwa mpango. Wengine je?

Alikwenda ofisini akauliza kwa kuzungukazunguka, kama anamwulizia mtu wa mbali. Karani akamweleza bila kuinua uso. Mtu akijitokeza akasema yu hai, vema, yu hai. Lakini kuwa hai hakumfanyi mwenye nyumba. Kama hana hati, ushahidi ni wa majirani, na majirani wakishatoa neno lao, watakaolifuta ni wao wenyewe waliolitoa, mbele ya mkutano, kwa majina yao.

"Na wakilifuta?"

"Watatuambia kwa nini walisema uongo."

Sabiri hakuwa na hati. Alikuwa na karatasi moja ya babu yake ambayo mchwa walishaila, likabaki jina nusu na mhuri.

Alirudi kutoka Ziba Jumatano, gunia tupu begani, uso umejaa vumbi na furaha. Pelagia alimwona kwa mbali akisimama kwenye ubao wa mtaa kama walivyosimama wengine. Alimwona akivaa miwani. Akamwona akiivua, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaja polepole, akijibana ukingoni mwa barabara, kama mtu anayepita chini ya ukuta uliopinda. Alipita mlangoni kwa Pelagia bila kusema kitu, akaingia ndani, akafunga kitasa.

Alhamisi nyundo haikulia.

Pelagia aliketi dukani, masikio ukutani. Saa moja, saa mbili, saa nne. Mteja akimsemesha hamsikii. Ijumaa Sabiri hakwenda msikitini, na watu waliotoka sala walisimama mlangoni wakagonga, wakajibiwa kwa sauti ndogo kwamba ana mafua. Hakutoka hata kuchota maji. Eustadia alipompelekea vitumbua alirudi amekaza kanga kifuani. Mzee, alisema, amesogeza kiti nyuma ya mlango, anakaa hapo toka asubuhi, anasema nyumba ikionekana tupu watakuja kuipiga alama nyekundu ya kuvunjwa.

"Tukawaambie ulikuwa utani," alisema Pelagia.

Eustadia alirudi nyuma hatua. "Kawaambie wewe. Mimi niliitikia amina tu. Nina watoto shuleni, mama, nitafungwa kwa ajili ya amina?"

Siku ya sita tangu orodha ibandikwe, ya saba. Kila basi lililopita, kila gari la mradi, Pelagia alisikia kiti kikikwaruza upande wa pili wa ukuta: mzee amesimama. Kisha kikohozi. Zamani kikohozi hicho kingemletea utani mdomoni. Sasa alihesabu pumzi mpaka kinyamaze, akiogopa kitakaponyamaza na akiogopa kisiponyamaza. Alianza kuwaza mambo asiyoyaamini: kwamba neno likisemwa mara nyingi vile, tena likatiwa sahihi, huenda linamtafuta mtu wake. Alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili na mambo hayo aliwaachia wajinga. Lakini alimzika mzee yule mara ngapi? Mara mia?

Akili ya biashara nayo haikulala. Ilimletea mlango mwingine. Aseme Valentino alikosea, kwamba aliandika nyumba nyingine juu ya hii. Kijana mgeni, mpole, nani angemwamini dhidi ya wakazi watatu? Xavery angeitikia, Eustadia angeitikia. Nyumba ingerudi, sahihi isingeulizwa, na kiti chake kwenye kamati kingebaki. Gharama yote ingebebwa na suruali iliyopigwa pasi. Aliupima mpango huo kila upande akaona hauna tundu. Hilo lenyewe lilimtisha.

Siku ya tisa kiti kilikwaruza, kitasa kikafunguka, na Sabiri akaingia dukani. Alikuwa amepungua, kofia ilimkaa masikioni. Aliiweka nyundo yake juu ya meza, kati ya chupa za asali.

"Chukua," alisema.

"Ya nini, mtani?"

"Mtani akizika anachukua kitu. Wewe hukuchukua."

Pelagia alimtazama usoni kutafuta ule ukavu wa zamani, uliokuwa na kicheko kimefungiwa nyuma yake. Nyuma yake hapakuwa na kitu.

"Amezikwa, hakuacha mtoto," alisema Sabiri. "Yule kijana asingetunga maneno hayo. Nayajua. Hakuna mwingine anayeniua hivyo." Akashika ukingo wa meza. "Nina swali moja, halafu nirudi ndani, maana mlango nimeuacha wazi. Ulitania au ulikuwa unataka?"

Duka lilikuwa na nyuki watatu, wale wanaofuata harufu. Walisikika wote.

"Nilitania, mzee."

Alimwita mzee. Miaka yote hakuwahi kumwita hivyo tangu siku ya mifuniko.

"Basi kawaambie hivyo hivyo," alisema Sabiri. "Usiwape maneno mengine. Ukiwapa maneno mengine, nami sitajua ulitaka nini."

Akarudi kwenye kiti chake. Nyundo aliiacha.

Mkutano wa pingamizi ulifanyika Jumamosi, uani kwa ofisi, saa nne asubuhi. Watu walijaa kuliko siku ya kwanza, kwa kuwa habari ya mtu kukuta msiba wake ubaoni ilikuwa imefika mpaka sokoni. Pelagia alikwenda na kapu. Bi Mwanajuma alikuwa mezani, Advera kulia kwake, na Valentino pembeni na kishikwambi chake, macho chini, kwa sababu naye alishasikia. Sabiri alisimama karibu na lango, mgongo kwenye nguzo, tayari kukimbilia nyumbani.

Namba kumi na saba iliposomwa, Advera aliuliza majirani waliotoa taarifa ni nani, wasimame. Xavery alitazama viatu vyake, na yeye alikuwa na haki ya kutazama viatu kuliko mtu mwingine. Eustadia hakuonekana.

Pelagia alisimama. Ule mpango usio na tundu ulikuwa bado uko kwenye ulimi. Angeweza kuutema muda wowote, na Valentino alikuwa pale pale, mita tatu.

"Nilisema mimi," alisema. "Kijana aliandika nilivyosema, hakukosea hata nukta. Mzee Sabiri ni mtani wangu. Nimemzika tangu nimjue. Siku hiyo nilimzika mbele ya kijana asiyejua, na sikumweleza, kwa sababu kueleza kwetu ni kushindwa. Nyumba ni ya mzee, aliijenga babu yake. Hao wengine waliitikia tu."

Uani pakavuma. Mzee mmoja wa nyuma alisema huo ni utani wa njiani, hata babu zao waliufanya, shida iko wapi. Mwingine akamjibu kwamba babu zao hawakuwa wanatia sahihi. Advera alisubiri wanyamaze. Hakuwa na hasira, na hilo lilimwogofya Pelagia zaidi.

"Mama, umejua lini kwamba imeandikwa?"

"Jumatatu ya orodha."

"Leo ni Jumamosi ya pili."

"Ndiyo."

"Na kibanda namba moja kilikuwa chako."

"Ndiyo."

Hakuna aliyehitaji kuongeza. Pelagia alisikia kila mtu akijumlisha kichwani, kama anavyojumlisha yeye. Akatoa kapuni fomu ya kibanda na kitambulisho cha kamati, akaviweka mezani mbele ya Bi Mwanajuma. Kwa mila, mtani aliyevuka mpaka anatoa kitu kabla hajadaiwa. Hakuvitoa kwa moyo mkubwa. Alijua vitachukuliwa tu, na kilichotolewa kina bei nzuri kuliko kilichonyang'anywa.

Bi Mwanajuma, ambaye alizaliwa mtaa ule na aliyajua yote, alimgeukia Sabiri. Akamwuliza kama ana malalamiko, kwa kuwa akisema anayo, jambo litapelekwa mbele, na huko mbele yeye hana mamlaka.

Pelagia alimwangalia Sabiri mdomo. Neno moja tu, na yeye angelala mahabusu, na asali yake ingelala dukani bila mwenyewe.

"Mtani hashtakiwi," alisema Sabiri mwishowe.

Watu walishusha pumzi. Wawili watatu walicheka, wakidhani mambo yamerudi yalivyokuwa. Lakini Sabiri alikuwa hajamaliza. Aliinua mkono.

"Naomba iandikwe," alimwambia Valentino. "Mimi Sabiri niko hai. Andika sasa hivi, nikuone."

Valentino akaandika, akamwonyesha. Sabiri alivaa miwani, akasoma, akaivua, akaifuta, akasoma tena.

Yaliyofuata yalikwenda kwa utaratibu wake. Majirani sita walitoa ushahidi upya, wakiwemo Xavery na Eustadia, ambao ujasiri uliwarudia hatari ilipopita. Namba kumi na saba ilirudi kwa mwenyewe, na miezi michache baadaye Sabiri akapata leseni ya makazi yenye jina lake kamili, akaitia kwenye bomba la bati alilolifua mwenyewe, akalilehemu pande zote mbili. Uwanja ukahamia zile nyumba za popo. Barabara ilipata taa na mabenchi, na jioni watu wanakuja kukaa, na vibanda vinauza. Kibanda namba moja alipewa mama mwingine, anauza asali ya watu wa mbali, nyepesi kama chai. Nacho kinatazama barabara vile vile.

Pelagia hakurudishwa kwenye kamati. Chumba chake cha mbele alibaki nacho, ila siku tatu baada ya mkutano Sabiri alimletea mkataba ulioandikwa kwa mashine, kurasa mbili, na mahali pa mashahidi. Alimwita mama Pelagia. Akamwambia asome kabla ya kutia sahihi. Kwa hesabu ya duka, hapo alipata: mpangaji mwenye karatasi ana nguvu kuliko mpangaji wa kupeana mikono, na hakuna aliyelielewa hilo vizuri kuliko yeye. Msimu wa asali ulipofika alitenga chupa moja kwenye rafu ya chini. Sabiri hakuja kuichukua. Ipo mpaka leo, imeganda.

Mara moja tu alijaribu. Ilikuwa asubuhi, barazani, nyundo ilikuwa imerudishwa kwa mwenyewe na kuanza kazi siku nyingi. Sabiri aliinuka kufuata maji, na Pelagia akaiokota ile nyundo, akaitia kapuni, akakausha uso, akasubiri. Waliokuwepo walinyamaza. Mzee alirudi, akalitazama kapu.

"Iweke chini, mama," alisema kwa upole, kama anayezungumza na mteja.

Akaiweka.

Muda huo huo kijana mmoja wa kusoma mita za maji alikuwa anakata kona, daftari mkononi. Sabiri alimwona. Aliacha maji, akasimama wima mbele ya mlango wake, akavua kofia, na kabla kijana hajafungua kinywa, akamwambia jina lake, la baba yake na la babu yake, na kwamba yuko hai. Kijana aliandika namba ya mita, akaenda zake. Sabiri alibaki amesimama pale mpaka alipopotea kabisa machoni, ndipo akakaa, akaichukua nyundo, akaanza. Tatu za haraka. Akasimamisha mkono, akasikiliza barabara. Moja ya taratibu.